Toba Inayogonga Mlango wa Jirani

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, hospitali ya misheni ya Gahini, kando ya ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, ilikuwa na sala na ugomvi chini ya paa moja. Yosiya Kinuka, kiongozi wa wasaidizi Waafrika hospitalini hapo, alikuwa amechoka. Aliwachoka wamisionari, akaichoka kazi, akafikia kutaka kuondoka. Kabla ya kukata shauri alikwenda Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, Mganda aliyepata kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni na ambaye sifa ya bidii yake kwa Mungu ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka. Kinuka akamweleza jinsi hospitali ilivyoharibika. Nsibambi alimsikiliza, kisha akaligeuza shauri: dosari za hospitali ile zilianzia ndani ya moyo wa Kinuka mwenyewe. Maneno kama hayo yangetosha kumfanya mtu aondoke kwa hasira asirudi tena. Kinuka aliyabeba njia nzima, na kabla hajafika Gahini alikuwa amekwisha kujisalimisha kwa Mungu. Wenzake walimpokea mtu mwingine. Aliyezoea kulalamika sasa alikuwa anaungama.

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wameuimba wimbo wa Tukutendereza msibani, harusini na kwenye mikutano ya injili bila kujua kwamba ulienezwa na watu wa aina ya Kinuka. Uamsho ulioanzia pande za Gahini na Kampala ulikuwa na mwanzo mdogo. Septemba 1929 daktari Mwingereza wa Gahini, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechakaa mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoipiga mashariki ya Rwanda. Alikutana na Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja, Mzungu na Mwafrika, katika zama ambazo desturi ya kikoloni haikuwaweka meza moja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1935 ukafanyika mkutano mkubwa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto ule haukuzimika naye: mwaka 1937 wahubiri walifika Kabete nchini Kenya, na miaka michache baadaye Bukoba na maeneo mengine ya Tanganyika yalikuwa na vikundi vya ndugu waliookoka.

Hawakuwa dhehebu. Hawakuwa na makao makuu, rejista ya wanachama wala mwenyekiti wa kuchaguliwa. Walibaki ndani ya makanisa yao, wengi wakiwa Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti, wakakutana kila wiki katika vikundi walivyoviita ushirika. Josiah Kibira, Mhaya aliyelelewa kiroho katika uamsho huo, alikuwa askofu wa Kilutheri Bukoba, na mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kutoka kwenye kikundi cha kuungamiana dhambi sebuleni mwa mtu hadi kiti hicho ni safari ndefu, na Kibira hakuwahi kukificha kikundi chake.

Yote hayo ni historia, na historia ya kanisa huandikwa vizuri zaidi vitabuni. Kinachoifanya istahili nafasi gazetini ni namna watu wale walivyotubu. Toba yao ilikuwa na anwani. Mtu aliyeguswa moyo hakuishia kupiga magoti mbele ya madhabahu akasema yeye ni mwenye dhambi kama wanadamu wote. Alitaja alichofanya, akamtaja aliyemfanyia, kisha akaondoka kwenda kwake. Vifaa vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe. Kodi iliyokwepwa ililipwa. Waume waliwaomba radhi wake zao mbele ya watoto, jambo ambalo katika nyumba nyingi za wakati ule halikuwahi kusikika. Wamisionari waliungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwatumikisha.

Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Kigezi, alikuwa mwalimu kijana alipookoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alisimulia mara nyingi jinsi alivyosukumwa na dhamiri kupanda baiskeli na kusafiri mwendo mrefu kwenda kwa Mzungu aliyekuwa akimchukia. Fikiria hali yenyewe. Mwafrika wa zama za ukoloni anafika mlangoni kwa Mzungu, si kuomba kazi wala kupeleka barua, bali kumwambia kwamba amekuwa akimchukia na sasa anaomba msamaha. Kivengere alikuwa na sababu nyingi za kumchukia Mzungu, na baadhi zilikuwa za haki kabisa. Lakini chuki yenyewe ilikuwa yake, na hakutaka kuendelea nayo.

Leo neno neema linatamkwa mara nyingi zaidi kuliko wakati wowote katika miji yetu. Limeandikwa kwenye daladala na matatu, kwenye saluni, maduka ya dawa na mabango ya mikutano. Toba nayo ipo, ila imebadilika sura. Katika ibada nyingi mchungaji anawaalika watu wafumbe macho, wainue mikono na kurudia sala baada yake. Sala inadumu dakika moja, kisha kwaya inaanza. Hakuna ubaya katika sala hiyo. Ubaya unaanza pale inapogeuzwa kuwa mwisho wa jambo. Mtu anainuka akiwa amesamehewa kwa jumla bila kuguswa katika kitu chochote mahususi. Deni la fundi aliyemjengea nyumba liko palepale, na shamba la mjane aliyesogezewa mpaka nalo halijarudi.

Pembeni ya toba hiyo nyepesi kuna biashara nzito. Mafuta ya upako, maji ya upako, leso, stika za kubandika mlangoni na sadaka ya mbegu vimechukua mahali pa kuulizana habari za mwenendo. Mwenye shida anaambiwa atoe ili afunguliwe. Ni nadra kuulizwa kama kuna mtu anayelia kwa sababu yake. Mwandishi wa makala haya hasemi kwamba kila kanisa la aina hiyo ni la kitapeli, wala hatilii shaka kwamba Mungu huponya. Anachosema ni kwamba neema inayouzwa kwa chupa haimdai mtu arudishe kitu, na kwa sababu hiyo inawafaa sana walioiba.

Mfano wa wazi upo Tanzania. Aprili 2017 Serikali ilitoa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hilo lilikuwa zao la uhakiki. Maofisa walipekua majalada, wakalinganisha kumbukumbu za mitihani, wakawabaini mmoja mmoja. Katika nchi ambayo siku ya ibada makanisa na misikiti hufurika watu, ilibidi Serikali iwatafute waumini kwenye mafaili. Mtu anaweza kukaa na cheti cha mwenzake miaka ishirini, akatoa ushuhuda kila Jumapili, akaimba kwaya, hata akachaguliwa mzee wa kanisa, na hakuna anayeona kwamba imani yake na jalada lake la kazi zina uhusiano wowote. Kwa kiwango kidogo zaidi jambo hilohilo hutokea kila siku kwenye simu zetu. Fedha zinaingia kwa namba iliyokosewa, na anayezipokea anakimbilia kwa wakala kuzitoa kabla mwenyewe hajapiga simu. Wengine husema kabisa kwamba Mungu amewakumbuka.

Hapa wapo wanaouliza swali la kweli: je, kudai malipo si kurudi kwenye sheria na kuiondoa neema? Kama msamaha ni wa bure, kwa nini mtu alipe?

Injili ya Luka inalijibu swali hilo kwa habari ya Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Mpangilio wa tukio ndio unaobeba jibu. Yesu alimwita Zakayo ashuke mtini na kutangaza kwamba atafikia nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Watu walinung'unika kwa sababu hiyohiyo: mgeni ameingia kwa mwenye dhambi aliyekuwa hajarekebisha lolote. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne ilikuja baadaye, kutoka kinywani mwake mwenyewe, bila kudaiwa. Zakayo hakuinunua neema kwa malipo hayo. Neema ilikuwa imekwisha kumkuta, na malipo yalikuwa kazi yake ya kwanza ndani ya mtu huyo. Anayedai kwamba ametembelewa na Kristo huku wakala wa ushuru ndani yake akiendelea kukusanya, bado hajamsikiliza mgeni wake.

Ndugu wa uamsho walilielewa hilo kwa namna ya vitendo, na wakaongeza jambo ambalo siku hizi limesahaulika kabisa: walitubu kila siku. Kuokoka kwao kulikuwa na tarehe, na walipenda kuitaja, lakini tarehe haikutosha. Kwenye ushirika mtu hakuulizwa alichofanyiwa na Mungu miaka kumi iliyopita. Aliulizwa habari za wiki ile. Walizungumza juu ya kutembea nuruni, wakimaanisha kwamba wivu wa Jumanne uungamwe kabla haujawa uadui wa mwezi mzima. Aliyekuwa na neno na mwenzake alitakiwa alimalize kabla ya kusimama kuhubiri. Wahubiri walitembea kwa timu, na timu isiyopatana yenyewe haikuwa na haki ya kupanda jukwaani.

Kutubu kwa namna hiyo kunahitaji ujasiri, na ujasiri huo hautoki kwa mtu mwenyewe. Hapa ndipo imani ya kila siku inapoingia, na ndipo mafundisho mengi ya siku hizi yanapokatika katikati. Watu hufundishwa kumtegemea Mungu wapate kazi, visa, mchumba na kiwanja. Ni mara chache wanafundishwa kumtegemea Mungu ili waweze kusema ukweli. Lakini mtu aliyeghushi cheti hatubu kwa sababu anaogopa njaa. Mhasibu aliyechota fedha za ofisi hatubu kwa sababu ada za watoto ziko mlangoni. Mume haungami kwa mkewe kwa sababu anaogopa nyumba itavunjika. Chini ya dhambi nyingi zilizofichwa kuna hofu ya kesho. Hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa. Inaondoka mtu anapoamini kwamba Mungu aliye upande wa kweli atakuwepo na kesho pia, hata kama kesho hiyo haina mshahara.

Kitabu cha Kutoka kinasimulia mana jangwani. Waisraeli waliambiwa wakusanye ya kuwatosha siku moja, na waliojiwekea akiba kwa hofu waliikuta asubuhi ina mabuu na inanuka. Ni siku moja tu kabla ya Sabato walipokusanya ya siku mbili. Somo hilo huhubiriwa kama habari ya chakula, na ni kweli. Lakini dhuluma nyingi za kwetu ni mana ya kesho iliyochukuliwa leo kutoka kwenye chungu cha mtu mwingine. Kuirudisha ni kitendo cha imani kikubwa kuliko kufunga siku arobaini.

Kufunga kwenyewe kumetuachia jeraha. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na hatimaye miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini, mingi ya watu walioaminishwa kwamba kufa njaa ni njia ya kukutana na Yesu. Watoto walikuwemo. Neno kumtegemea Mungu lilitumika kuwanyima maskini chakula, dawa na akili zao. Imani ya ndugu wa uamsho haikufanana na hiyo hata kidogo. Ilizaliwa hospitalini, ikaenezwa na walimu, madaktari na wauguzi, watu walioamini sala na sindano kwa pamoja. Tena ilikuwa na kinga ambayo wafuasi waliofungiwa msituni walinyimwa: kila mtu, hata kiongozi, aliweza kuambiwa na mwenzake kwamba amekosea. Mchungaji ambaye hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kitu ni hatari kwa waumini wake, hata kama anahubiri neema kila siku.

Uamsho wenyewe haukukosa dosari. Baadhi ya ndugu waligeuza kuungama kuwa mashindano, wengine wakawa mahakimu wa mavazi na vinywaji vya wenzao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa kutoka chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi. Kosa lilikuwa la pande zote mbili: uongozi haukutaka kuambiwa dhambi zake na vijana, na vijana hawakuwa na upole katika kuzisema.

Dosari kubwa zaidi ilionekana nyumbani pale uamsho ulipoanzia.

Kati ya Aprili na Julai 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Rwanda ilipoteza mamia kwa maelfu ya watu ndani ya siku takribani mia moja. Karibu Wanyarwanda tisa kati ya kumi walijiita Wakristo. Watutsi wengi walikimbilia makanisani, na makanisani wakauawa. Kanisa la Nyamata, wilayani Bugesera, ambako maelfu walichinjwa, leo ni kumbukumbu iliyohifadhiwa na kuorodheshwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamebatizwa kwa maji yaleyale.

Mkristo mwaminifu hana ruhusa ya kulikwepa swali hilo. Zilikuwa wapi toba za miaka sitini? Jibu moja ni kwamba wapo walioishi walichoungama. Bugesera hiyohiyo ilikuwa na mchungaji wa Kianglikana aliyeitwa Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho, aliyewatunza waliofukuzwa makwao katika ghasia za miaka ya mwanzo ya uhuru. Usiku mmoja wa Januari 1964 askari walimchukua, wakampiga risasi na kuutupa mwili wake mtoni Nyabarongo. Mwaka 1994 pia kulikuwa na waumini waliokataa kutengana kwa kabila, wakafa pamoja.

Lakini jibu la pili linauma. Baada ya muda orodha ya dhambi zilizoungamwa ilipungua upana. Watu waliungama pombe, tumbaku, uzinzi, hasira na wizi mdogo. Hawakuungama vya kutosha kitambulisho kilichoandikwa kabila, shule iliyowapendelea wengine, wala askofu aliyezoea kula na watawala. Dhambi iliyokuwa imekaa ndani ya utaratibu wa nchi iliachwa kama vile haimhusu Mungu. Ndiyo maana mtu aliweza kuwa safi kwenye ushirika na bado akakubali kwamba jirani yake ni adui. Toba isiyogusa kabila, madaraka na fedha za umma ina chumba kimefungwa, na ndani ya chumba hicho ndimo silaha zilikuwa zikiwekwa.

Haya yanazihusu nchi zote za ukanda huu. Kenya iliungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto Januari 1, 2008 watu wakiwa ndani. Mashariki ya Kongo inaendelea kuhesabu wafu wake huku kwaya zikiimba. Kuwaambia waumini wa nchi hizo watubu bila kutaja kabila ni kuwaonea haya badala ya kuwapenda.

Neema, hata hivyo, haikuondoka Rwanda. Desemba 1996 Wakristo Wanyarwanda na Wazungu walikutana mji wa Detmold, Ujerumani. Wahutu waliomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wahutu, Watutsi wakaungama ya upande wao, na Wazungu wakaungama kiburi cha kuwagawa watu waliokuja kuwahubiria. Wapo waliowalaumu, wakisema mtu hawezi kuungama kwa niaba ya mwenzake. Lakini kila kundi lilianza na la kwake, na hilo peke yake lilikuwa jipya. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi Novemba 2016 kwa makosa ya watu wa kanisa lao, na Machi 2017 Papa Francis akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Wanaosema imechelewa wana haki ya kusema hivyo.

Huko vijijini kazi ilikuwa imeanza mapema zaidi. Mahakama za gacaca, yaani mahakama za kijamii za kesi za mauaji hayo, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2, na sheria iliwapunguzia adhabu walioungama: wengi walitumikia sehemu ya kifungo kwa kazi za jamii. Kuungama kulimaanisha kusema nani aliuawa, wapi, na mwili ulitupwa shimo gani. Baadhi ya manusura walipata nafasi ya kuwazika ndugu zao kwa sababu tu muuaji alifungua kinywa. Walikuwemo walioungama kwa hila ili wapate nafuu, na walikuwemo manusura waliorudi nyumbani na majonzi zaidi. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro nyingi za kisheria, lakini uliielewa toba kuliko mahubiri mengi: bila ukweli unaotajwa kwa majina hakuna pa kuanzia.

Bugesera tena, katika kijiji cha Mbyo, shirika la Kikristo la Prison Fellowship Rwanda lilianzisha makazi ambamo wafungwa walioachiwa baada ya kuungama na manusura wa mauaji wamejenga nyumba pamoja na kuishi majirani. Waliobomoa wakafyatua matofali. Hakuna mwenye akili atakayesema jambo hilo ni jepesi, wala haipasi kumlazimisha mjane amkumbatie aliyemuulia watoto ili wageni wapige picha. Msamaha una mwendo wake, na anayeukimbiza huuharibu. Inatosha kuona kwamba kuna mahali duniani ambapo muuaji hakuambiwa tu kwamba Mungu amemsamehe. Alipewa pia tofali mkononi na kuonyeshwa nyumba ya kujenga.

Kivengere alipitia upande mwingine wa jambo hilohilo, upande wa aliyetendewa. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda, yeye akiwa mmojawao, walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma za askari wake. Februari 16 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo, katika ibada ya Ijumaa Kuu London, alitambua kwamba moyo wake umejaa uchungu dhidi ya Amin, na kwamba uchungu huo unamla yeye, haumgusi Amin. Alitubu. Kisha akaandika kitabu alichokipa jina lililowashangaza wengi: Nampenda Idi Amin, kilichochapwa kwa Kiingereza mwaka huo wa 1977. Hakusema kwamba Amin hana hatia. Aliendelea kuzitaja dhuluma zake kila alipokwenda. Alichokataa ni kumruhusu Amin amfanye mtu wa chuki. Tangu mwaka 2015 Februari 16 ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda kwa kumbukumbu ya Luwum.

Makanisa ya leo yanaweza kujifunza nini kwa watu hao bila kuwaiga mavazi na misemo? Kwanza, viongozi watangulie. Parokia au usharika ambao mchungaji hajawahi kusema mbele ya watu kwamba alikosea hautakuwa na waumini wanaoungama. Mweka hazina asome hesabu za michango hadharani, na zikipungua aulizwe kwa heshima bila kuogopa. Vikundi vidogo vya katikati ya wiki, vile vya nyumba kwa nyumba, jumuiya ndogondogo na ushirika wa kina mama, virudishiwe kazi yake ya zamani ya kuulizana hali ya kweli, mbali na kupanga sare za harusi. Siri inayosemwa humo ibaki humo. Anayeipeleka sokoni atakuwa ameua ushirika wa mtaa mzima.

Pili, kurudisha kufanywe kuwa jambo la kawaida linalosaidiwa. Aliyekula fedha za kikoba na sasa ametubu huenda hana uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Wazee wakae naye pamoja na waliodhulumiwa, waandikiane, alipe kidogo kidogo kila mwezi, na wenye mali wapate nafasi ya kusamehe sehemu wakitaka wenyewe. Kwenye gacaca wapo walioshindwa kulipa mali walizopora wakalipa kwa jasho shambani mwa waliowadhulumu. Aliyepoteza kazi kwa sababu ya kusema kweli asiachwe peke yake: kanisa lililomfundisha kumtegemea Mungu liwe sehemu ya jibu la sala zake, kwa unga, ada na kibarua.

Tatu, neema isitumike kuwaficha wahalifu. Kiongozi wa kwaya aliyemnajisi mtoto, au mwalimu wa Jumapili aliyempiga msichana hadi kumjeruhi, hawezi kumalizwa kwa sala ya toba ofisini kwa mchungaji huku wazazi wakiombwa wasilipeleke jambo mbali. Toba ya mtu huyo, kama ni ya kweli, inaanzia kituo cha polisi, na kazi ya kanisa ni kumsindikiza mtoto hospitalini na mahakamani kwanza, kisha kumtembelea mkosaji gerezani.